Nyambizi ya Maganda Mawili

Jumatatu, 10 Machi

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: mimi nachonga.

Sisemi kupiga msasa. Msasa napiga mchana kweupe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya wasichana na akina mama katika kibanda chetu hapa Kawangware 46. Wanaume huchonga, sisi hulainisha. Ndivyo ilivyokuwa kijijini kwetu Wamunyu kwa babu yangu, na Baba alikuja Nairobi na desturi hiyo pamoja na tezo zake za kuchongea. Ninachosema ni kuchonga kwenyewe: kuona mnyama ndani ya gogo na kumtoa. Nimekuwa nikifanya hivyo nyuma ya nyumba tangu kidato cha pili, kwa tezo ya zamani ambayo Baba anadhani ilipotea. Nimechonga kanga, kwale na kozi mmoja mwenye hasira. Karibu wote niliwatia jikoni kabla Mama hajarudi sokoni. Ndege wangu wameivisha muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa.

Shule nilimaliza Novemba. Matokeo ni mazuri, chuo ni Septemba. Watu husema mimi ni mpole. Si upole, ni aibu. Maneno hunifikia yakiwa yamechelewa. Lakini mikono yangu haina aibu, hasa wa kushoto. Naandika hivyo bila kujisifu, kwa sababu ni kweli.

12 Machi

Leo amekuja mteja ambaye hakutaka twiga.

Ni mzee Mhindi, mwembamba, kofia yake imepigwa pasi. Jina lake Pillai, na anaishi kwa binti yake aliyeolewa hapa Nairobi. Kiswahili chake ni cha kununua nyanya tu, kwa hiyo Baba aliniita. "Lavender, kuja uongee na huyu mzee. Hiyo Kiingereza ya shule itusaidie."

Mzee alitoa picha mfukoni. Mwanzia, anayechonga na Baba tangu kabla sijazaliwa, aliinamisha shingo akaitazama. "Hii ni samaki ama ni mwiko?"

"Ni nyambizi," mzee alisema nilipomtafsiria. "Nilifanya kazi ndani yake."

Kisha akatusimulia, nami nikawa natafsiri huku masikio yakiwaka moto. Iliundwa na Warusi katika mji wa Gorky, kando ya mto Volga, mbali sana na bahari. Ilishushwa majini mwaka wa 1966 ikiitwa K-43, na mwaka uliofuata ikaanza kazi. Ilikuwa ya aina mpya: ya kwanza kuweza kurusha makombora yake ya kupiga meli ikiwa bado imezama, bila kutoa hata pua nje ya maji. Iliendeshwa na mtambo mmoja wa nyuklia, kwa hiyo haikuhitaji kupanda juu kuvuta hewa kama zile za dizeli. Mwaka wa 1988 Warusi waliikodisha kwa India kwa miaka mitatu, na Wahindi wakaiita Chakra, yaani gurudumu.

"Kumbe walikuwa wapangaji!" Mwanzia alipiga paja. "Muulize, choo kikiziba nani alikuwa anarekebisha?"

Sikutaka kutafsiri hilo. Baba akasema nitafsiri. Mzee alicheka mpaka akavua kofia. "Mwambie mwenye nyumba alituma watu wake waje kukaa nasi ndani."

Anataka ichongwe, urefu wa mkono mmoja, aipeleke kwao mwishoni mwa Mei. Wenzake waliobaki watakutana, na baadhi yao hawataweza tena kusafiri kwenda mkutano mwingine.

Baba alimrudishia mzee picha. Yeye ni shemasi kanisani, na hajawahi kuchonga hata bunduki ya mtoto. Mwishowe alisema, "Muulize iliua watu wangapi."

Nilitafuta njia laini ya kuuliza, sikuipata, nikauliza hivyohivyo.

"Hakuna," mzee alijibu. "Tulibeba silaha tukiomba Mungu zisitumike, na hazikutumika."

"Basi nitaichonga," Baba alisema. "Lakini mwambie mimi natoa kitu kwa gogo moja. Fundi wa Wamunyu haungi-ungi."

13 Machi

Mvua. Vifaru na msasa.

18 Machi

Mjakaranda mmoja uliangushwa na upepo huko mtaa wa Satellite na Baba amepata gogo lake. Ni bichi kabisa. Sisi huchonga mti ukiwa mbichi kwa sababu ni laini, halafu kitu kilichochongwa kinafukiwa ndani ya unga wa mbao kikauke polepole. Kikikauka haraka kinapasuka. Hii najua tangu nikiwa na miaka mitano.

Mzee Pillai amekuja tena, na leo nimemuuliza swali langu mwenyewe. Niliuliza kwa nini pua ni butu na nene vile.

Alifurahi kama mwalimu aliyeamsha darasa. Alichora chini kwa kijiti. Kumbe nyambizi hii ina maganda mawili. Ganda la ndani ni gumu, ndimo watu na mtambo walimo, na ndilo linalopambana na uzito wa bahari. Ganda la nje ni kama koti. Katikati ya hayo mawili kuna matangi: ukiyajaza maji inazama, ukiyasukuma maji nje inapanda. Huko mbele, kati ya koti na mwili, kuna mirija minane ya makombora, minne kila upande, imelala kwa mshazari. Ndiyo maana pua imenenepa.

"Kwa hiyo si gogo," nilisema. "Ni chombo ndani ya chombo."

"Sawasawa kabisa," alisema.

Nilimweleza Baba. "Ndani hakuonekani," alisema. "Mteja ananunua nje."

24 Machi

Mvua usiku na mchana. Baba anachonga. Pua inatoka.

31 Machi

Lazima niseme ukweli: ni nzuri. Mgongo umenyooka, mnara unapanda kama pezi la papa, rafadha ya nyuma imechongwa jani kwa jani. Nilimtazama Baba akizungusha kitu ambacho hajawahi kukiona maishani, na mkono wake hausiti. Nikafikiri, huyu ndiye aliyenifundisha bila kujua kwamba ananifundisha.

Lakini unga wa mbao haukauki. Paa letu la mabati linavuja upande wa mashariki, na kila asubuhi rundo ni kama uji.

5 Aprili

Mwanzia alishauri waitundike juu ya jiko la makaa, mbali kidogo, ipate joto tu. "Kama nyama ya kukausha," alisema. Baba alisita, akatazama mvua, akakubali.

6 Aprili

Imepasuka.

Nilikuwa naokota msasa nikasikia mlio mdogo kama kidole kinachovutwa kikalia. Ufa umeanzia chini ya mnara ukashuka ubavuni karibu hadi kwenye rafadha. Mwanzia alivua kofia kama mtu aliyefika matangani.

Baba aliishusha kutoka juu ya jiko. Aliyeyusha nta, akaichanganya na unga wa mbao, akaijaza ufani, akafuta, akapaka rangi nyeusi ya viatu, akasugua. Baada ya saa moja ufa haukuwepo. Hivi ndivyo tunavyofanya kwa twiga na tembo, si sisi peke yetu, ni wachongaji wote. Tembo mwenye ufa uliojazwa hukaa juu ya kabati ya mtu miaka ishirini na hakuna anayelalamika.

Ndipo nikasema. Sijui maneno yalitoka wapi, kwa mara ya kwanza hayakuchelewa.

"Baba, huyu mzee aliishi ndani ya ganda. Akiigusa ataujua ufa."

"Ataujuaje?"

"Ndani ya bahari ufa ni kifo. Yeye alilala miaka mitatu akiusikilizia."

Mwanzia aliweka tezo chini. Hata fundi wa jirani alizima mashine ya kuchomelea, nafikiri ni bahati tu, lakini ilisikika kama ananisikiliza.

"Na wewe ungefanyaje, injinia?" Baba aliuliza. Hakupaza sauti.

"Ningepasua gogo kavu katikati, nitoe kiini, nichimbe ndani, halafu niunganishe hizo nusu mbili. Maganda yakiwa membamba hayana nguvu ya kujipasua. Na yenyewe pia iliundwa kwa maganda, si kwa gogo."

"Uniunganishie?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia ale chakula kilichotafunwa. "Chukua msasa, Lavender."

Nilichukua msasa. Machozi yalinitoka, mkono ukaendelea kulainisha.

8 Aprili

Baba na Mama wameondoka kwenda Wamunyu. Mahindi na mbaazi zimeota na magugu pia. Watarudi baada ya Pasaka. Kaka yangu Kyalo anashinda kwenye bodaboda, anarudi kula na kulala. Nyambizi ya kwanza imefungwa kwa gazeti, iko juu ya rafu.

Nimeamua.

9 Aprili

Gogo kavu la mjakaranda si rahisi kupata msimu huu. Nilijua moja tu. Liko kwa Mama Wagaki, mwenye ploti huko Satellite. Amelikalia chini ya paa la veranda tangu nilipokuwa mdogo, akipokea wapangaji wake.

Nilipita mlango wake nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu aliniita mwenyewe.

"Wewe kairitu, unapima barabara ama unatafuta nyumba?"

Nilisema nataka kiti chake.

"Ongea kwa sauti. Mimi si daktari wa kusikiliza kifua."

"Nataka kiti chako, Mama. Hilo gogo. Nitakuchongea kingine chenye miguu."

Aliinuka, akaligeukia gogo kama anayeliona mara ya kwanza. "Baba yako anachonga tembo wengi sana na hakuna hata mmoja wa kukalia. Yeye ndiye atanichongea?"

"Hapana. Ni mimi."

Hapo ndipo nilipolisema kwa sauti mara ya kwanza maishani, kwa mwanamke ambaye hata jina langu hakulijua. Mbingu haikuanguka. Wagaki alisema, "Basi kiwe kipana. Mimi si mwembamba kama wewe," na akamwita mpangaji wake mmoja anisaidie kulibeba.

11 Aprili

Limepasuka vizuri kwa kabari, sawa na mkate. Harufu kavu, haina maji kabisa. Kiini nimekitupa.

13 Aprili

Jumapili. Kanisani nimechonga akilini wakati wa mahubiri.

14 Aprili

Nimekamatwa.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nachimba nusu ya chini wakati Mwanzia alipotokea pembeni ya ukuta akiwa na uso wa kushangaa.

"Nimetoka huko barabarani mbio," alisema. "Nilisikia tezo nikajua Musembi, baba yako, amerudi. Huo mlio ni wake. Mbili, pumzika, moja."

Alichuchumaa, akaokota lile ganda, akapitisha kidole gumba ndani, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilingoja mzaha. Mwanzia ana mzaha kwa kila kitu, hata kwa mazishi. Nilikuwa nimemchukulia siku zote kama redio: inaongea, huitegemei.

"Tezo yako ni butu," alisema. "Unaumiza mti." Akaichukua, akainoa kwenye jiwe langu polepole, akanirudishia akinielekezea mpini. "Mimi sijaona kitu. Macho yangu haya yana mtoto wa jicho."

"Asante, Mzee Mwanzia."

"Asante ya nini? Ni mimi niliyeitundika ile ya kwanza kama nyama."

Alienda zake akipiga mbinja. Baadaye nilipata kipande kipya cha msasa laini chini ya mlango.

16 Aprili

Nimeenda Kibera, nyuma ya mtaa wa Ayany, kwenye karakana ya mzee Obonyo wanakotengeneza shanga na vifungo kwa mifupa ya ng'ombe. Nilitaka vifuniko vya mirija ya makombora, vyeupe juu ya mbao nyeusi.

Aliyekuwa kwenye mashine ni msichana wa rika langu. Miwani ya plastiki, nywele zimejaa vumbi la mifupa.

"Niaje. Unataka nini?"

"Vifungo vinane. Bila matundu."

"Kifungo bila tundu ni ya nini sasa, msupa?"

Nilimweleza. Alizima mashine. Anaitwa Adhis, ni mjukuu wa Obonyo, na alitaka kujua kila kitu: kombora linatokaje kwenye maji bila kuzimika, watu wanakula nini, wanalala wapi. Nilijibu yote. Nilijisikia nikiongea bila kusimama, na nikastaajabu kwamba sauti ile ni yangu.

"Na budako, huyo mchongaji, anajua?"

"Hapana."

"Wa kwangu pia alisema mashine ni ya vijana wanaume. Saa hii wao ndio wananiletea mifupa." Alikata vifuniko vinane, vyote vya ukubwa mmoja, haraka kuliko ninavyoandika. Kisha akanipa vipande vya shaba vilivyobaki baada ya kuyeyusha mabomba na kufuli za zamani. "Weka ndani chini. Kitu tupu kitaelea juu kama chupa. Yako si inafaa kukaa ndani ya maji?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nimechonga siku hizi zote nikifikiria nje na ndani, na nimesahau maji.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Shaba imekaa mahali pake. Kabla ya kuyaunganisha maganda nilifanya jambo moja ambalo nitaliandika siku nyingine. Gundi, kamba za mpira, na kungoja.

21 Aprili

Mvua. Haijapasuka.

23 Aprili

Mvua. Haijapasuka.

25 Aprili

Rangi, msasa, rangi. Vifuniko vya Adhis vinang'aa, vinne kila upande. Haijapasuka.

26 Aprili

Baba amerudi, matope ya Wamunyu bado yako viatuni. Nilikuwa nimeiweka ile ya pili kwenye rafu, kando ya ya kwanza. Nilichukua msasa nikakaa mahali pangu.

Aliiona kabla hajaketi. Aliishusha, akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Nani amechonga hii?"

"Ni mimi," Mwanzia alisema haraka. Sikuwa nimemwomba.

Baba aliinamisha nyambizi, akatazama pale chini ya mnara ambapo mtu hawezi kufikisha msasa vizuri na alama za tezo hubaki. "Mwanzia, wewe unakata kutoka kulia. Mimi pia. Hizi zimekatwa kutoka kushoto." Aliinua macho. "Katika kibanda hiki kuna mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto, na ameshika msasa juu-chini."

Ni kweli, nilikuwa nimeushika juu-chini.

Alipitisha ukucha ubavuni, taratibu, akitafuta mshono. Alirudia upande wa pili. Akaivuta karibu na jicho, akarudia tena. Nilihesabu pumzi zangu.

"Umeunganisha wapi?"

"Hapo ulipopita mara tatu, Baba."

Mwanzia aligeuka akakohoa ukutani.

Baba aliketi juu ya gogo lake. "Nilipokuwa kijana," alisema, "niliunganisha sikio la tembo kwa gundi. Likaanguka mkononi mwa mnunuzi, mbele ya babu yako. Babu yako hakunipiga. Alichukua tezo yangu mwezi mzima." Aliitazama nyambizi. "Nilijifunza kwamba kuunga ni uwongo. Sikujua kwamba kuna kitu ambacho kuunga ndio ukweli wake."

Kisha akasema, "Na ile tezo yangu iliyopotea, nadhani sasa imepatikana."

27 Aprili

Hajasema ni ipi atampa mteja. Sijauliza.

3 Mei

Mzee Pillai amekuja na kofia yake. Baba aliweka zote mbili juu ya meza na kujaza karai maji.

"Tafsiri," aliniambia. "Mwambie hii nimechonga mimi, kwa gogo moja. Ilipasuka na nikauficha ufa kwa nta."

Nilimtazama. Mteja angeichukua bila kujua. Hakuna mchongaji niliyewahi kumsikia akisema hivyo mbele ya mteja. Nilitafsiri. Mzee Pillai aliigusa, na kidole chake kilisimama papo hapo chini ya mnara, juu ya ufa usioonekana. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayetambua adui wa zamani.

"Mwambie hii ya pili ina maganda mawili. Imechongwa na binti yangu."

Nilitazama karai. Nilisema kwa Kiingereza kwamba ya pili ina maganda mawili na imechongwa na fundi wa kibanda hiki.

"Lavender." Baba alikuwa ametabasamu kidogo tu, upande mmoja. "Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la binti nalijua. Sijasikia binti hapo. Tafsiri vizuri."

Basi nikasema. Nilisema imechongwa na mimi.

Mzee Pillai aliishika kwa mikono miwili, akaigonga, akaisikiliza. Akaishusha karaini. Ilishuka, ikashuka zaidi, na moyo wangu ukashuka nayo, kisha ikatulia ikibakisha mnara na ukingo wa mgongo juu ya maji, kama ilivyo pichani. Hakuna kilichotikisika. Hakuna tone lililoingia.

Alipiga saluti. Kwa nani, sijui. Mwanzia alimrudishia, kwa mkono usio sahihi.

"Tulipoirudisha kwa wenyewe mwaka wa tisini na moja," mzee alisema, "niligusa ukuta wake nikasema kwaheri. Haikukaa kazini muda mrefu tena. Sikutarajia kuigusa."

Ameichukua ya pili. Ya kwanza Baba amekataa kuiuza. Ameitundika ukutani, na amekwangua nta yote ili ufa uonekane.

10 Mei

Jua. Baba amechonga mpini mpya wa tezo, uliopindwa kufaa mkono wa kushoto, na amesogeza kigogo kingine cha kukalia kati ya chake na cha Mwanzia. Hakunikaribisha. Alisema tu, "Kiti cha Wagaki kinachelewa."

Mama alisimama mlangoni akanitazama nikiketi. "Kwa hivyo ni wewe ulikuwa unamaliza kuni zangu," alisema, "ama ulikuwa unaniongezea?"

24 Mei

Mzee Pillai amesafiri leo. Nyambizi imesafiri naye.

Baba anajua ninachonga, Mwanzia anajua, Adhis anajua, Wagaki anamwambia kila mpangaji anayempita akiwa amekaa. Siri niliyoanza nayo imekwisha. Imebaki ile ya Ijumaa Kuu.

Ndege wangu niliwachoma karibu wote. Mmoja sikumchoma, kwale mdogo kama ncha ya kidole, aliyelala amekunja mabawa. Ndani ya ganda la chini, nyuma ya mnara, pale ambapo nyambizi ya kweli ilibeba mtambo wa nyuklia, nilichimba kiota nikamgandisha humo asitikisike. Watamshika mikononi wale wazee, watampitisha mmoja kwa mwingine, watasimulia habari za kina kirefu, na hawatajua nani amelala kati yao. Hakuna njia ya kumwona bila kuvunja, na mimi sikuunganisha ili ivunjike.

Wewe unayesoma hapa sasa unajua. Ukikutana na Baba, sifu mshono. Ukienda India, isifu rangi. Habari za kwale ziache chini ya maji.